Atieno Amekwama Darajani

Kama wewe si mtu wa Homa Bay, acha nikuonyeshe benchi letu. Liko nyuma ya soko, kati ya karakana ya baiskeli ya Nashon na jiko la chai la Mama Mong'ina: ubao mmoja mrefu juu ya madebe mawili ya rangi yaliyojazwa mchanga. Sisi tunaliita base. Hapa hatunywi kahawa, kahawa tumewaachia watu wa Pwani. Tunakunywa strungi, chai bila maziwa, tangawizi kali mpaka masikio yanafunguka. Nashon tunamwita Puncha kwa sababu ya kazi yake. Mzee Onyancha, askari wa lango kwa ghala moja la pamba, ni Kamishna, kwa sababu ya koti lake la khaki, na kwa sababu ukimsikiliza, hakuna jambo serikali ilishawahi kufanya bila kumuuliza. Mwikwabe ni Mkuria anayeleta bidhaa kutoka mpakani Isebania. Yeye tunamwita Sirari, jina la upande wa pili wa mpaka, maana mpaka leo hatujui analala nchi gani. Na mimi nyumbani naitwa Oliver, lakini mji mzima unaniita Spika. Mimi ndiye sauti ya ukumbi wa video wa Mosoti. Filamu inazungumza Kizungu, mimi nashika maiki nazungumza juu yake, Kiswahili huku, Kijaluo kule. Niliacha shule darasa la saba, na tangu niiache Kizungu changu kimenenepa. Uliza mtu yeyote.

Mambo yalianza na katuni. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, na Sirari alikuwa ametuletea kaseti moja ya ajabu. Katuni, lakini si ya watoto. Ilikuwa imetolewa kwa riwaya ya Wazungu, riwaya ya uchawi na falme ambazo haziko kwa ramani. Mfalme ameufungia usiku ndani ya chungu ili watu wafanye kazi bila kulala. Msichana mmoja ameiba kile chungu, anakikimbiza mlimani akakivunje, watu wapate kulala tena. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu kama barabara ya Kisii. Mimi nikampa Atieno, maana kwa Kijaluo Atieno ni yule aliyezaliwa usiku. Mfalme nikamwita Chifu. Kulikuwa na mbuzi mzee anayeongea, huyo nikampa sauti ya Sirari, na watu wakacheka mpaka mabati yakaitika.

Halafu Atieno akafika kwa daraja la kamba. Askari wa Chifu wako nyuma yake, chungu kimepata ufa, na ghafla rangi zikaanza kutoka. Kwanza anga likawa jeupe. Halafu nguo ya Atieno. Halafu kila mtu akabaki mistari ya penseli, wanatembea kwa kurukaruka, unaona ng'ambo kupitia tumbo. Ukumbi wote ukaacha kuangalia picha, ukaniangalia mimi. Sasa wewe ungefanya nini? Nilishika maiki nikasema: "Wamevuka! Wameingia kwa mizimu!" Mama mmoja akapiga nduru. Kisha picha ikasimama tuli, ikabaki sauti peke yake, sauti nayo ikakatika, kukawa giza. Mwisho hakuna. Watu wakakataa kutoka. Nikawaambia part two ni Jumapili ijayo.

Mosoti akanivuta kando.

— Spika, hiyo part two nisipoiona Jumapili, maiki nampa Caleb.

Caleb wa Migori! Kijana anayetafsiri filamu ya vita kama anasoma matangazo ya vifo redioni. Mtu anakatwa kichwa, Caleb anasema, "Anaumia." Nilicheka mbele ya Mosoti. Nyumbani sikucheka.

Basi Jumapili ikafika. Makanisa yametoka, video inaanza mchana, na part two haiko. Tuko base, kila mtu na kikombe.

— Nusu iko mpakani, akasema Sirari. Mimi nawaambia na hamsikii. Kitu kizima hakivuki pale. Baiskeli inavuka gurudumu leo, fremu kesho. Redio inavuka bila tumbo. Filamu ni nani?

— Kwa hivyo uliikata? nikamuuliza.

— Mimi sikukata. Kulikuwa na Mzungu wa mradi wa maji kule Musoma, anarudi kwao, anauza kila kitu mpaka neti ya mbu. Akaniambia ndugu yake alifanya kazi na hao wachoraji wa katuni. Nikachukua kaseti. Kama kulikuwa na ya pili, ilibebwa na binamu yangu Robi.

— Robi yuko wapi?

— Robi aliolewa Tarime.

— Haiya! Puncha akapiga goti lake. Kwa hivyo mwisho wa filamu umeenda na bibi harusi!

— Ucheke tu. Wewe hujawahi kuvusha hata kuku.

— Sina haja ya kuvusha. Puncha alichukua spana akaitumia kama fimbo ya mwalimu. Sikilizeni. Kaseti ya nyimbo iko na upande A na upande B. Nyimbo zikiisha hapa, unageuza. Hii mligeuza?

— Mosoti aligeuza, nikasema. Mashini ikakohoa, ikaitema.

— Aligeuza na nguvu. Kitu kama hicho unakigeuza pole, kama tyubu. Mnipe mimi dakika kidogo na hiyo mashini.

— Omera ndugu yangu, nikamwambia, wewe ukigusa ile mashini, tutaangalia sinema kwa baiskeli.

Mama Mong'ina alicheka mpaka chai ikamwagikia jiko. Kamishna hakucheka. Alingoja moshi upungue, akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, jua hukumu inakuja.

— Nyinyi vijana mnazunguka soko na lango liko hapa. Aliyerekodi hiyo kaseti alikuwa Msabato.

— Msabato vipi, mzee?

— Kama mimi. Ijumaa jua likitua, jembe chini. Hata kama ni ng'ombe unakamua, unafanya haraka. Huyo mtu alianza kurekodi Ijumaa mchana. Sasa nijibu, Spika. Rangi zilitoka mara moja ama pole pole?

— Pole pole.

— Ya kwanza kutoka ilikuwa gani?

— Ya angani.

— Halafu nguo. Halafu watu. Halafu giza.

Wee, huyo mzee.

— Jua lilikuwa linatua, akasema Kamishna. Hiyo si mizimu. Hiyo ni Sabato.

Nikwambie ukweli, ilituingia. Hata Sirari alitikisa kichwa polepole. Mama Mong'ina, ambaye ni Mkatoliki, ndiye aliharibu.

— Na Jumapili asubuhi, Kamishna? Si Sabato ilikuwa imeisha? Kwa nini hakuendelea?

Kamishna alifikiria.

— Alisahau mahali alikuwa amefika.

— Ah, mzee!

— Hamjui Wasabato. Mahubiri yakikuingia vizuri, unasahau mpaka njia ya kwako.

— Hapana, akasema Puncha, ambaye alikuwa ameshaacha upande B kama tairi lililokwisha. Mchoraji alikufa. Kwetu mtu akifa kama anajenga, ile nyumba haiguswi hivi hivi. Wazee wanakaa, mambo yanafanywa. Nani atachukua brashi aende kupaka rangi kwa kazi ya marehemu? Ndio maana mliona mistari. Hizo ni fito. Nyumba ilikuwa bado haijakandikwa.

— Wazungu hawana hayo, akasema Sirari.

— Unajuaje? Ulilala kwao?

— Nililala Musoma.

— Musoma ni Uzungu?

— Mimi nasema waligombana. Mama Mong'ina alikuwa anajaza vikombe na kuongea bila kutuangalia. Anayechora ni mwingine, anayepaka rangi ni mwingine. Wa penseli walimaliza yao wakaenda nyumbani. Wa rangi, huyu anasema nguo ya Atieno ni kijani, yule anasema ni bluu. Wakakosana mpaka leo.

— Filamu nzima iwachwe kwa sababu ya nguo?

— Spika, wewe ni mtoto. Kwaya yetu ilivunjika kwa sababu ya kola. Kola! Nyeupe ama maziwa.

Sasa jamani, mimi siwezi kukaa benchi moja na watu wanaoongea na nikawa wa mwisho. Nilisimama.

— Nyote hamjui kitu. Aliyesimamisha hii filamu ni Chifu.

— Chifu gani?

— Chifu wa ndani. Mfalme. Si niliwaambia filamu imetolewa kwa riwaya? Fikirieni. Mtu ameweza kufungia usiku kwa chungu, atashindwa kufungia wachoraji kwa ofisi? Aliona Atieno yuko kwa daraja, mlima ni ule pale, zimebaki hatua kidogo yeye Chifu ashindwe mbele ya watu wote. Akatuma askari nje ya karatasi. Wakaingia pale wanapochora, wakasema: wekeni penseli chini. Mikono kwa kichwa.

— Hiyo inawezekana, akasema Kamishna. Nimeona faili zikisimama hivyo.

— Na zaidi, nikasema, maana nilikuwa nimepata upepo, haiwezi kuwa nusu. Nilitoa kaseti kwa koti. Ile karatasi ya pembeni Mzungu alikuwa ameiandika kwa mkono. Mimi ndiye msomi wa base, nikawasomea. IN. COMPLETE. In ni ndani. Complete ni kamili. Ndani kamili! Kwa hivyo mwisho wote uko humu ndani, ni sisi hatujajua kuufungua.

— Si nilisema upande B? Puncha akaruka juu.

Hapo ndipo mtu alicheka, na hakuwa mmoja wetu.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa msichana wa shule na kikombe cha chai, anangoja gari la kwenda shuleni kwao Asumbi lijae. Alikuwa na sare imepigwa pasi na sanduku la bati, jina limepakwa rangi nyeupe juu ya kifuniko: EMMACULATE. Sisi tulikuwa tumeshughulika na mambo makubwa, hatukumsalimia.

— Samahani, akasema. Hiyo ni neno moja.

— Gani?

— Incomplete. Haijakamilika. Mwandiko wake tu ndio umeachana katikati.

Puncha alianza kucheka, akajificha nyuma ya gurudumu. Mimi sikutikisika.

— Siste, hicho ni Kizungu cha shule za bording. Cha hapa mjini kinatenganishwa.

— Sawa. Lakini hao si mizimu pia. Tuna mwalimu wa sanaa alitufundisha. Katuni inachorwa na penseli kwanza, rangi inakuja baadaye. Hao watu walikuwa hawajapakwa. Waliotengeneza waliachia hapo.

— Nilisema! akasema Mama Mong'ina.

— Wewe ulisema nguo, akasema Sirari. Kisha akamgeukia msichana kwa heshima, kama anaongea na mtu wa forodha. Mwalimu, kwa hivyo ya pili haiko? Popote?

— Haiko.

— Hata Tarime?

— Hata Tarime.

Wacha niseme ilivyokuwa. Niliona maiki ikitoka kwa mkono wangu, ikivuka ukumbi, ikiingia kwa mkono wa Caleb. Nikasikia na ile sauti yake: "Atieno anasimama. Atieno ana chungu." Ukumbi ungenisahau kabla ya Krismasi. Ukiniondolea ile maiki, Spika ni nani? Ni Oliver wa darasa la saba, mtu wa kuombwa asukume mkokoteni.

Emmaculate alikuwa ameshika kasha la kaseti. Mbele ilikuwa imebandikwa picha ya Atieno, chungu kifuani, na daraja.

— Mbona hii picha naijua? akasema. Iko juu ya kitabu laibrari kwetu. Kinene hivi. Hakuna mtu hukiazima, huwa tunazuilia dirisha upepo ukivuma.

— Kitabu cha nini?

— Si wewe umesema imetolewa kwa riwaya?

Ni kweli, nilisema. Nilikuwa nimesema wiki nzima kama mtu anayetaja kijiji ambacho hana mjomba huko. Hapo nikakumbuka mwanzo wa filamu: kitabu kikubwa kinajifungua chenyewe, kurasa zinapepea. Jumapili ile niliwatangazia kuwa ni Bibilia, na wazee wakavua kofia.

— Kwa hivyo mwisho uko, nikasema.

— Kwa kitabu uko. Mwandishi alimaliza. Ni hao wa filamu hawakumaliza.

Kamishna alitoa kofia, akaivaa tena.

— Wiki nzima, akasema polepole, tunatafuta ng'ombe zizini kwa jirani.

— Nisomee, siste, nikamwambia. Sikusema kwa sauti ya maiki. Nilisema hivi hivi. Usome mpaka mwisho, uniambie. Nitakupa jina lako ndani ya filamu. Mbuzi nitamtoa sauti ya Sirari nimpe yako.

— Mbuzi abaki na Sirari, akasema Emmaculate, na base yote ikamcheka Sirari, hata Sirari mwenyewe. Visiting, siku ya kututembelea, ni mwisho wa mwezi. Kuja na mtu mzima. Usije peke yako upige kelele langoni, sista atakufukuza na mimi nitaadhibiwa.

— Nitakuja na Kamishna.

Kamishna tayari alikuwa anafunga vifungo vya koti.

Gari la Asumbi likapiga honi upande wa stendi. Puncha alibeba sanduku begani bila kuombwa, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote wa base. Emmaculate akarudisha kikombe kwa Mama Mong'ina kwa mikono miwili. Alienda hatua chache, akageuka.

— Spika. Na nikisoma nikute Atieno hafiki? Chungu kimeanguka mtoni, Chifu ameshinda. Utawaambia hivyo?

Nilichukua kasha pale benchi, nikalirudisha kwa koti. Sirari aliangalia ndani ya kikombe chake kama kuna forodha huko. Kamishna, mtu ambaye ana majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa, alikuta kamba ya kiatu imelegea. Honi ikapigwa tena, msichana akaenda.

Mchana ukumbi wa Mosoti ulijaa mpaka watu walikaa dirishani. Caleb alikuwa safu ya mbele, koti limenyooka, koo limeshasafishwa. Nilishika maiki. Kitabu kilipojifungua nikasema, "Hiki ni kitabu, si Bibilia, vaeni kofia zenu." Nikampeleka Atieno kutoka kijijini mpaka msituni, mbuzi akaongea Kikuria chake, watu wakacheka mahali pale pale walipocheka mara ya kwanza. Tukafika darajani. Anga likaanza kupauka. Yule mama wa nduru alikuwa ameshika mdomo tayari.

— Mama, usipige, nikasema kwa maiki. Atieno hajafa. Rangi tu ndiyo haijamfikia.

Mistari ya penseli ikakimbia. Na kumbe ukiwaangalia bila kuwaogopa, wanakimbia vizuri. Picha ikasimama. Sauti ikakatika. Giza.

— Hapa ndipo waliomchora waliachia, nikasema. Part two hakuna. Haiko mpakani, haiko upande B. Mwisho uko kwa kitabu, kitabu kiko upande wa Asumbi, na kuna mtu tumemtuma atusomee. Nitawaletea baada ya visiting.

Mosoti alikuwa amesimama kando ya mashini, mikono kiunoni. Caleb akainuka, akanyoosha mkono kwa ajili ya maiki, heshima yote, kama mtu anayepokea rambirambi. Halafu kutoka nyuma kabisa, yule mama wa nduru akauliza:

— Huyo anayesoma, amefika wapi?

— Mama, ndio kwanza amepanda gari.

— Aambiwe asiruke kurasa! mtu mwingine akapaza sauti.

— Na visiting ni lini?

— Mwisho wa mwezi!

— Jumapili gani?

Wakaanza kubishana ni Jumapili gani, wengine kwa Kijaluo, wengine kwa Kikisii, na hakuna aliyekuwa anaangalia mkono wa Caleb uliobaki hewani. Mosoti aliwasikiliza. Mosoti si mtu wa maneno. Alivuta kiti cha plastiki kutoka nyuma ya mashini, akakiweka karibu na Caleb.

— Keti, akamwambia. Ungoje kama wengine.

Jumatatu nilifika base nimeinua kola. Nilitaka waseme wao kwanza. Sirari alisema kwamba mbuzi alifanya vizuri. Puncha alisema sanduku lilikuwa zito, ni dalili ya mtu anayesoma. Kamishna alikuwa anauliza kama koti la khaki linaweza kuoshwa likakauka kabla ya visiting, na tulikuwa na wiki za kutosha kukausha koti la jeshi zima.

Mama Mong'ina alikuwa anapanga vikombe.

— Spika, akasema mwishowe. Yule msichana alikuuliza kitu.

— Aliniuliza mengi.

— Alikuuliza, kama hafiki, utawaambia?

Kila mtu aliniangalia. Walikuwa wameniangalia hivyo pale ukumbini, siku ile rangi zilipotoka. Nilinyoosha kikombe changu.

— Hebu niongeze chai kwanza.

Mama Mong'ina aliinua birika, akaliinamisha. Likatoa tone moja, na majani. Akalitikisa karibu na sikio.

— Imeisha.

— Afadhali, akasema Kamishna. Angalau kuna kitu hapa kimefika mwisho.